Pima mwenyewe kasi ya mwanga ndani ya maji: chupa moja, misumari miwili na kipande cha kandambili

Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha nne kasi ya mwanga ni ngapi, anakujibu kabla hujamaliza swali, kilomita 300,000 kwa sekunde. Sasa muulize, na ndani ya maji je? Ndani ya mafuta ya ufuta? Ndani ya waya wa dishi? Wengi wanakurudishia namba ileile, na siwalaumu, wameimeza namba bila kuambiwa ni namba ya wapi. Ile 300,000 (kwa usahihi kabisa ni kilomita 299,792.458, na tangu 1983 urefu wa mita yenyewe unapatikana kutokana na namba hiyo) ni ya mahali patupu, pasipo na hewa wala kitu chochote. Mwanga ukiingia kwenye kitu unapunguza mwendo, kila kitu na kiwango chake, na kiwango hicho unaweza kukipima wewe mwenyewe uwani kwenu, uwe Chikongola, uwe Nachingwea, uwe Liwale, bila maabara na bila umeme.

Mi nafundisha twisheni ya fizikia hapa Mtwara mjini na hiki kipimo nimekifanya na watoto mara nyingi. Naandika hatua zote pamoja na sababu zake, maana ukifuata hatua bila kujua sababu, siku namba ikikataa hutajua uguse wapi.

Nianze na pweza. Wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana, kina mama wanashuka mwambani na vyuma vyao kutafuta pweza, na mi utotoni nilikuwa namfuata shangazi yangu namshikia kikapu. Siku aliyonipa chuma kwa mara ya kwanza nikamuona pweza kwenye dimbwi la maji ya magotini, nikamlenga palepale ninapomuona, nikarusha mkono kwa nguvu zote, chuma kikapita juu yake kikagonga jiwe, yeye kamwaga wino kaingia shimoni. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, maji yanamnyanyua huyo. Mlenge chini ya hapo unapomuona." Alafu akaongeza kitu ambacho nilikuja kukielewa nikiwa mtu mzima: chuma kikishazama majini, achana na kulenga chini, fuata macho. Kwa sababu ncha ikiwa ndani ya maji na yenyewe inanyanyuliwa kama pweza anavyonyanyuliwa, kwa hiyo vikionekana vimekutana, vimekutana kweli.

Maji yanamnyanyua kiasi gani? Hapo ndo penyewe. Mwanga unaotoka kwa pweza unasafiri polepole ndani ya maji, ukifika juu ukatoka hewani unaongeza mwendo, na kwa sababu unatoka kwa mshazari unapinda pale mpakani. Jicho halina habari na kupinda, lenyewe linajua mwanga unakuja umenyooka, kwa hiyo linamuweka pweza juu kuliko alipo. Kama hujaelewa kwa nini kubadili mwendo kunaleta kupinda, chukua watoto sita pale ufukwe wa Shangani, washikane mikono wawe mstari mmoja, wakimbie kuingia baharini kwa mshazari, sio moja kwa moja. Wa mwisho upande mmoja atagusa maji wa kwanza, atazidiwa na maji atapunguza, wakati wa upande wa pili bado yuko mchangani anakimbia vilevile, na mstari mzima utageuka wenyewe bila mtu kuugeuza. Wimbi la mwanga linageuka hivohivo.

Na ukiangalia kutoka juu kabisa, wima, hesabu inakuwa nyepesi mno: kina unachokiona ukigawa kwa kina cha kweli unapata sawasawa na kasi ya mwanga majini ukigawa kwa kasi ya mwanga hewani. Yaani kama dimbwi la mita 4 linaonekana la mita 3, basi mwanga ndani ya yale maji unakwenda robo tatu ya mwendo wake. Huhitaji saa wala mtambo wowote. Unahitaji rula.

(Watu waligombana sana kwa jambo hili. Kanuni ya kupinda ilishaandikwa zamani, Ibn Sahl wa Baghdad aliiandika mwaka 984, ila sababu yake ndo ilikuwa ubishi. Newton alisema mwanga ni vichembe, na kwa hesabu zake ilibidi majini uende haraka zaidi kuliko hewani. Waliosema ni wimbi hesabu yao ilitaka kinyume. Ubishi ukakaa zaidi ya miaka 100 mpaka 1850, Mfaransa Léon Foucault alipotumia kioo kinachozunguka kasi na bomba la maji akaonyesha mwanga uliopita majini unachelewa. Kipimo cha chupa ninachokupa hapa kinaegemea juu ya kazi hiyo.)

Sasa vifaa. Tafuta chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, ile ambayo mwili wake umenyooka, uikate pale shingo inapoanza kubana ili mdomo uwe mpana. Misumari miwili ya inchi mbili. Kipande cha kandambili iliyochoka, upana wa vidole viwili. Mipira miwili ya kufungia noti. Rula na kalamu ya maka. Ndoo isikuvutie, najua kila nyumba ina ndoo, ila ndoo imetanuka juu na ukingo wake utakuzibia msumari wa nje, utahangaika bure.

Msumari wa kwanza udumbukize ndani ulale chini, kichwa kikigusa ukuta wa chupa na ncha ikielekea katikati. Msumari wa pili uchomeke katikati ya kipande cha kandambili utokeze upande wa pili, alafu ukifunge hicho kipande nje ya chupa kwa mipira, kichwa cha msumari kikiwa kwenye ukuta na ncha inatazama nje, kama kigingi cha kutundikia koti. Uweke upande uleule wa msumari wa ndani. Ukichungulia kutoka juu misumari miwili iwe kwenye mstari mmoja, kama msumari mmoja mrefu uliokatwa katikati na ukuta wa chupa. Mipira ibane kiasi cha kushikilia lakini kandambili iweze kupanda na kushuka ukiisukuma kwa kidole.

Jaza maji mpaka kutoka kwenye msumari wa ndani hadi uso wa maji iwe sentimita 20. Pima kutoka kwenye msumari, sio kutoka sakafuni, maana kitako cha chupa kina mikunjo yake na ukianzia chini unajiongezea milimita ambazo mwanga hajazipita.

Chupa iweke sakafuni, mahali penye mwanga wa kutosha, ubarazani panafaa. Simama, inama, funga jicho moja, jicho lililobaki liwe wima juu ya chupa, kama urefu wa rula moja kutoka kwenye maji. Utaona msumari wa ndani kupitia maji na wa nje kupitia hewa kwa mara moja. Sasa sogeza kichwa taratibu kulia na kushoto, ukikatisha ule mstari wa misumari. Misumari ikiwa kina tofauti, itaachana, mmoja utaonekana unateleza kuliko mwingine. Ukisogea kulia na msumari wa nje nao ukakimbilia kulia ukauacha wa ndani, huo wa nje uko chini mno, upandishe. Msumari huo wa nje ukikimbilia kushoto, uko juu mno, ushushe. Endelea hivo, kidogokidogo, mpaka ufike mahali ukisogeza kichwa misumari yote inakwenda pamoja kama imeunganishwa, hakuna anayemuacha mwenzie. Hapo msumari wa nje uko kwenye kina kilekile ambacho jicho linadhani msumari wa ndani upo. Weka alama ya maka kwenye chupa, pima kutoka uso wa maji mpaka kwenye alama.

Mara ya kwanza itakuchukua kama dakika kumi na utahisi huoni tofauti yoyote. Vumilia. Jicho linazoea, na mara ya tatu utakuwa unaweka alama ndani ya dakika moja.

Fanya mara tatu, kila mara ukianza na msumari wa nje mahali tofauti, mara moja anzia chini kabisa, mara moja juu kabisa, ili mkono usirudi kwenye alama ya mwanzo kwa mazoea. Mwezi uliopita watoto wangu walipata 14.9, 15.2 na 15.1. Wastani ni 15.1 hivi. Hesabu yake: 300,000 mara 15.1 gawa kwa 20, unapata kilomita 226,500 kwa sekunde. Vitabu vinasema 225,000. Watoto wa kidato cha tatu, kwenye baraza, wamekosea chini ya asilimia moja! Kila nikiliona hili mwili unanisisimka, sijawahi kulizoea.

Angalia na hili: kwenye chupa ya sentimita 20, milimita moja ya rula ni kilomita 1,500 kwa sekunde. Kwa hiyo ukikosea milimita mbili usijilaumu, ila ukikosea sentimita mbili kuna kitu umefanya vibaya. Kosa kubwa ninaloliona ni kutazama kwa mshazari. Kuna binti aliniletea daftari, jibu lake 187,500, hesabu zote ziko sawa, mahesabu hayana kasoro hata moja. Nikamwambia hebu nionyeshe ulivyokaa. Akavuta stuli akakaa pembeni ya chupa, akawa anachungulia kutoka upande. Ukitazama kwa upande maji yananyanyua zaidi, msumari unaonekana uko juu kuliko inavyostahili, kasi inatoka ndogo, na ile kanuni rahisi haifanyi kazi tena, ni ya kutazama wima tu. Nikamwambia asimame. Akapata 222,000.

Kwa wale wa shule, ile namba mnayoiita rifraktivu indeksi ni hiihii ikiwa imegeuzwa, 20 gawa kwa 15.1, unapata 1.32, na ya maji kitabuni ni 1.33. Kazi yake ni kukuambia mwanga umepunguzwa mara ngapi. Mi napendelea kuanza na kasi kwa sababu kasi unaihisi, indeksi ni namba tu mpaka ujue inasema nini.

Ukishamaliza maji, hamia kwenye mafuta. Ya alizeti sawa, ya ufuta sawa, sisi wa kusini ufuta tunao. Usijaze chupa, mafuta bei, tumia glasi ndefu iliyonyooka na misumari ya inchi moja, weka kina cha sentimita 12, ukimaliza rudisha mafuta kwenye dumu yake (misumari ioshe kwanza, chakula hicho). Utakuta msumari wa nje umesimama karibu na 8.2, hesabu inakupa kilomita 205,000. Mafuta yanaelea juu ya maji, ni mepesi kuliko maji, na bado yanauchelewesha mwanga kuliko maji. Hapa watoto wengi huwa wanabishana nami, maana walishajiwekea kwamba kizito ndo kinachelewesha. Uzito sio wenye neno la mwisho. Neno la mwisho liko kwa elektroni zilizomo na jinsi zinavyoitikia.

Maana mwanga ni wimbi la sumakuumeme, yaani ni umeme na sumaku vinavyotikisika pamoja vikisafiri. Wimbi likiingia kwenye maji au mafuta linazitikisa elektroni za kila atomu linayopita, na elektroni ikitikisika na yenyewe inatoa wimbi lake dogo, lililochelewa kidogo. Mawimbi hayo madogo yote yakijumlishwa na lile la mwanzo, jumla yake ni wimbi moja linalokwenda taratibu. Utasikia watu wanasema mwanga unamezwa na atomu alafu unatemwa, unamezwa unatemwa, ndo maana unachelewa. Sio kweli, ingekuwa hivo mwanga ungetemwa kila upande na glasi ya maji ingekuwa kama glasi ya maziwa. Kinachobadilika ni kasi na urefu wa wimbi. Frikwensi haibadiliki, mitikisiko inayoingia kwa sekunde ndo hiyohiyo inayotoka, ndo maana kanga nyekundu ukiizamisha kwenye beseni inabaki nyekundu.

Hewa yenyewe inachelewesha kidogo sana, kwenye 300,000 haipunguzi hata kilomita 100, kwa hiyo kwa kipimo chetu hewa na utupu ni kitu kimoja. Ila hata hicho kidogo kinaonekana ukipata nafasi. Safiri saa saba mchana kutoka Mingoyo kuja Mtwara, lami ikiwa imechemka, utaona mbele kama kuna dimbwi la maji barabarani na ukifika hakuna. Hewa iliyogusa lami ni ya moto, nyepesi, mwanga unakwenda haraka kidogo humo kuliko kwenye hewa ya juu yake, unapinda kurudi juu, unaona mbingu ukadhani ni maji. Mazigazi hayo. Na kwa vitu vingine, barafu ni kama kilomita 229,000 kwa sekunde, kioo cha kawaida kama 200,000, almasi 124,000 hivi.

Kuna jaribio moja dogo la kioo nalipenda sana. Ukipata kibomba au bakuli dogo la kile kioo cha kuvumilia moto, zile bakuli za kuokea, kitumbukize kwenye bakuli kubwa la mafuta ya kula. Kinapotea. Kipo, unakigusa, ila hukioni, kwa sababu kasi ya mwanga ndani ya kioo hicho na ndani ya mafuta karibu ni ileile, hakuna kupunguza wala kuongeza pale mpakani, kwa hiyo hakuna kupinda na hakuna kung'aa. Glasi ya kawaida haipotei yote, inabaki kama kivuli, maana kasi zao zimepishana kidogo.

Sasa tuje kwenye mawimbi ya redio na simu, na hapa naomba utulie kwa sababu watu wengi wanachukua ile 225,000 ya maji wanaibandika kila mahali. Redio, simu, dishi, mwanga, vyote ni ukoo mmoja, mawimbi ya sumakuumeme, kwenye utupu yanakwenda sawa bila kupishana. Ndani ya maji hayako sawa kabisa. Wimbi la redio ya FM majini linakwenda kama kilomita 33,000 kwa sekunde tu, yaani limepunguzwa mara tisa wakati mwanga umepunguzwa mara moja na theluthi. Maji yaleyale! Sababu ni umbo la molekuli ya maji, upande mmoja una chaji chanya na mwingine hasi, kwa hiyo umeme wa wimbi unapobadilika molekuli nzima inajigeuza kuufuata. Redio ya FM inabadilika kama mara milioni 100 kwa sekunde, molekuli inawahi kugeuka, inalibebesha wimbi mzigo mkubwa. Mwanga unabadilika mamia ya matrilioni ya mara kwa sekunde, molekuli haiwahi, elektroni peke yake ndo zinafuata. Kwa hiyo ukiulizwa kasi ya wimbi kwenye kitu fulani, na wewe uliza kwanza: wimbi la frikwensi gani?

Hata ndani ya mwanga wenyewe ipo tofauti ndogo, zambarau inachelewa kuliko nyekundu, na hiyo ndogo ndo inatupa upinde wa mvua.

Jaribio la redio: chukua simu ya tochi ya zamani usiyoionea uchungu, ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha maji, na kabla ya simu ijaribu mifuko na tishu ndani, tishu ikitoka kavu ndo uweke simu. Izamishe kwenye ndoo ya maji ya bomba, sentimita 10 au 15 kila upande, ipigie. Itaita. Sasa fanya hivohivo na ndoo ya maji ya bahari. Utaambiwa namba haipatikani. Kuchelewa sio tatizo hapo, chumvi ndo imeyafanya maji yapitishe umeme, na kitu kinachopitisha umeme kinalimaliza wimbi nguvu ndani ya sentimita chache. Ni jamaa wa lile bati la nyumba yenu linalokufanya utoke nje kutafuta mtandao, isipokuwa bati limemaliza kazi kabisa.

Mafundi dishi na antena, hii yenu. Kwenye waya wa antena wimbi linasafiri kwenye ile plastiki iliyo kati ya waya wa katikati na wavu wa nje, kwa hiyo kasi inafuata plastiki. Ukikata waya ukakuta plastiki ngumu nzito, wimbi linakwenda asilimia 66 ya kasi ya utupu, karibu kilomita 198,000. Ukikuta ile laini ya povu, yenye vihewa ndani, ni asilimia 80 hivi, kwa baadhi zaidi, maana sehemu kubwa ni hewa. Inahusu nini? Ukitaka kukata kipande chenye urefu wa robo ya wimbi kwa FM ya megahezi 100, hewani ni sentimita 75, ila ukikata kipande cha robo ya wimbi kwa waya wa plastiki ngumu ni 75 mara 0.66, sentimita 49.5. Nimeshaona mtu amekata 75 ya waya akashinda siku nzima akilaumu koneta. Koneta zilikuwa nzima.

Na wenye kulalamikia intaneti: ndani ya nyuzi za faiba mwanga unapita kwenye kioo, kasi yake kama 204,000, yaani kila kilomita inakula maikrosekunde 5. Kutoka hapa Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560 kwa barabara, tuchukulie faiba imefuata barabara, kwenda na kurudi ni milisekunde 5.5. Pima pingi yako (muda wa swali kwenda na jibu kurudi) kwenye simu kwenda kwenye seva iliyoko Dar, ukikuta 50, basi 5.5 ndo kioo, hizo nyingine ni foleni za mitambo na mnara, huko ndo pa kudai. Ila setilaiti ya juu kabisa, ile iliyosimama kilomita 35,786, hata mitambo ikiwa na haraka vipi, swali na jibu vinapanda na kushuka mara nne, kilomita 143,000, haiwezi kushuka chini ya milisekunde 477. Hapo hakuna wa kumlaumu.

Turudi kwenye chupa kwa kipimo cha mwisho, na hiki ni cha watu wa pwani. Watoto wanapenda kuleta maji ya bahari wakitegemea tofauti kubwa, ila maji ya bahari ya kawaida yanasogeza alama chini ya milimita moja tu, kwa rula hutaiona, na ukiiona ujue umeitaka mwenyewe. Unachotaka ni yale maji mazito ya kwenye mabwawa ya chumvi, yaliyokaribia kuganda, omba kwa wenye shamba chupa moja watakupa. Kama uko mbali na mashamba, koroga kama gramu 370 za chumvi ya mezani kwenye lita moja ya maji mpaka igome kuyeyuka, uache itulie, umimine yale meupe ya juu. Kina sentimita 20, misumari ileile, simama wima. Alama itapanda mpaka karibu 14.5, na hesabu inakupa kilomita 217,500 kwa sekunde, chini ya maji ya bomba kwa elfu saba na ushee, na hiyo ni nusu sentimita nzima ambayo jicho linaiona bila wasiwasi. Misumari ioshe kwa maji baridi siku hiyohiyo, ukiiacha mpaka asubuhi utaikuta imeshika kutu.